Dawa ya deni ni kulipa: Sheria za ununuzi na ajira ya wanafunzi vyuoni zahitaji kutazamwa upya

Na MWANDISHI WETU

KILA muhula wa masomo unapofunguliwa, mji wa Kisii hubadilika sura. Vyumba vya kupanga katika mtaa wa Nyamage na viunga vingine vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Kisii hujaa, nao wachuuzi wa soko la Daraja Mbili huuza ndizi na mboga kwa wingi kuliko wakati wa likizo.

Hata hivyo, katika mji wenye chuo kikuu cha umma, mnunuzi mkubwa si mwanafunzi mmoja mmoja. Ni chuo chenyewe. Taasisi yenye maelfu ya wanafunzi huhitaji unga, maharagwe, nyama, karatasi, dawa, viti, rangi na huduma za mafundi wa kila aina, mwaka nenda mwaka rudi.

Chuo ni mwajiri pia. Mbali na wahadhiri na wafanyakazi wa kudumu, vyuo vikuu vya umma nchini, vikiwemo Kenyatta na Egerton, vimekuwa na mpango wa kuwapa wanafunzi wahitaji kazi ndogo ndogo katika maktaba, jikoni, mabwenini na bustanini ili wajisaidie kulipa karo.

Ndipo yanapozuka maswali mawili ambayo wakazi wa Kisii na Nyamira, sawa na wenzao wanaoishi karibu na vyuo vingine, wamekuwa wakiyauliza. Mbona seremala wa Keroka hapati zabuni ya kutengeneza viti vya chuo kilicho karibu naye? Na mbona mwanafunzi aliyepanga vitabu muhula mzima hungoja malipo hadi muhula mwingine?

Jibu ambalo aghalabu hutolewa ni kwamba sheria hairuhusu. Ukizichambua sheria zenyewe, utaona kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Sehemu kubwa ya yale yanayoombwa tayari inaruhusiwa. Kinachokwama ni mipango na malipo.

Chuo kilivyokua

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kikiwa chuo cha kufundishia walimu wa shule za msingi, kwenye shamba la ekari 61 lililotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Mwaka wa 1983 kilipandishwa hadhi na kuanza kufundisha walimu wa shule za upili kwa kiwango cha diploma. Mwaka wa 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki.

Februari 2013, Rais Mwai Kibaki alikikabidhi hati ya kuwa chuo kikuu kamili, wakati ambapo vyuo vingi vya umma nchini vilipewa hadhi hiyo kwa mpigo. Kwa familia nyingi za Nyamira, kaunti iliyomegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Kisii, hiki ndicho chuo kikuu cha umma kilicho karibu.

Vyuo hivyo vilikua wakati ambapo fedha za wanafunzi waliojilipia karo zilikuwa nyingi. Mambo yaligeuka baada ya usimamizi wa mitihani kukazwa. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, watahiniwa wapatao 169,000 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka wa 2016 idadi hiyo ilishuka hadi chini ya 90,000. Karibu wote waliofuzu walipata nafasi za ufadhili wa serikali, na mkondo wa waliojilipia ukakauka.

Serikali nayo ilikuwa imeahidi, kupitia mpango wa kugharamia kila kozi kulingana na gharama yake, kulipa asilimia 80 ya gharama hiyo. Fedha zilizofika vyuoni zilikuwa pungufu. Mwaka wa 2023 ukaanzishwa mfumo mwingine wa ufadhili na mikopo unaozingatia hali ya kiuchumi ya mwanafunzi. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, na mzozo ukafika katika Mahakama ya Rufani.

Historia hii ni muhimu kwa sababu chuo kisicho na fedha hukawia kumlipa aliyekiuzia maharagwe kabla hakijakawia kumlipa mtu mwingine yeyote. Mhadhiri ana chama cha kumtetea na anaweza kugoma. Muuza maharagwe hana chama, na mwanafunzi kibarua vilevile.

Sheria ya ununuzi yasemaje?

Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinaitaka kila taasisi ya umma inunue bidhaa na huduma kwa njia ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ndiyo inayofafanua namna ya kufanya hivyo. Kanuni zake zilitolewa mwaka wa 2020.

Kila mwaka wa fedha chuo hutakiwa kuwa na mpango wa ununuzi unaolingana na bajeti yake. Afisa mhasibu, ambaye katika chuo kikuu ni Naibu Chansela, hapaswi kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha zimetengwa.

Vitu vya bei ndogo, visivyozidi Sh50,000, vinaweza kununuliwa moja kwa moja. Bidhaa au huduma zisizozidi Sh3 milioni zinaweza kununuliwa kwa kuomba bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu. Zaidi ya hapo, njia ya kawaida ni zabuni ya wazi inayotangazwa kwa umma.

Anayevunja sheria hii anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh4 milioni, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni hutozwa faini isiyozidi Sh10 milioni.

Ukali huu una sababu yake. Kabla ya sheria ya kwanza ya ununuzi, ile ya 2005, taasisi nyingi za umma zilinunua kwa kujuana, na mlipa ushuru ndiye aliyeumia. Kwa hivyo, anayedai sheria ilegezwe sharti aseme ni wapi hasa, kwa maana penye mwanya mwizi hupita.

Asilimia 30 ni haki

Sheria inaitaka kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa ajili ya kampuni na vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Mpango huo, ujulikanao kwa kifupi kama AGPO, ulizinduliwa mwaka wa 2013. Kikundi kinachosajiliwa hutakiwa kuwa na asilimia 70 ya wanachama kutoka tabaka linalolengwa, na viongozi wake wote watoke humo. Cheti hutolewa bila malipo.

Aidha, vikundi hivyo havidaiwi dhamana ya benki vinapowania zabuni zilizotengewa. Hutosha kujaza na kutia saini fomu ya ahadi. Hili ni jambo kubwa kwa kikundi cha akina mama kisicho na hatimiliki ya kuweka rehani.

Kuna jambo moja linalochanganya wengi. Sheria inasema pia kwamba asilimia 20 ya ununuzi itengewe wakazi wa kaunti. Sharti hilo limo katika majukumu ya hazina za kaunti, kwa hivyo linaibana serikali ya Kaunti ya Kisii na ile ya Nyamira. Chuo kikuu cha umma ni taasisi ya serikali ya kitaifa. Kijana wa Nyansiongo anayewania zabuni ya chuo atatumia kigezo cha ujana, wala si cha kuzaliwa karibu.

Kugawanya ni wapi na kukata mafungu ni wapi?

Hapa ndipo maafisa wa ununuzi wanapoogopa zaidi, na pengine ndipo penye faida kubwa kwa mafundi wadogo.

Tuchukue mfano. Chuo kinahitaji viti 1,000, kila kimoja Sh5,000. Jumla ni Sh5 milioni, na zabuni ya wazi inahitajika. Afisa akitoa maagizo mawili ya Sh2.5 milioni ili akwepe kutangaza zabuni, ametenda kosa. Huko ndiko kugawanya kunakokatazwa.

Lakini chuo kinaweza kutangaza zabuni moja ya wazi yenye mafungu kumi, kila fungu viti 100. Ushindani umebaki, tangazo limetolewa, na hakuna aliyekwepa lolote. Tofauti ni kwamba fungu la Sh500,000 linaweza kuwaniwa na maseremala watatu wa Keroka au Suneka waliojiunga pamoja, ilhali zabuni ya Sh5 milioni huishia kwa kampuni kubwa kutoka mbali. Kanuni zinaruhusu mafungu kama hayo ili makundi yaliyotengewa nafasi yashiriki.

Kisheria, basi, hakuna kizuizi. Kinachohitajika ni afisa anayepanga mapema, kwa sababu kutathmini mafungu kumi kunachukua muda kuliko kutathmini zabuni moja.

Hesabu ya kucheleweshwa

Kushinda zabuni ni mwanzo tu. Tuseme kikundi kimepata agizo la kupeleka vyakula vya Sh180,000. Ili kuvinunua, kimekopa Sh150,000 kwa riba ya asilimia tano kwa mwezi. Faida inayotarajiwa ni Sh30,000, na riba ya kila mwezi ni Sh7,500.

Kikilipwa baada ya mwezi mmoja, kitabaki na Sh22,500. Kikilipwa baada ya miezi minne, hakitabaki na chochote. Baada ya miezi minane kitakuwa kimepata hasara ya Sh30,000, na kimefanya kazi bure juu yake.

Wenye mtaji mkubwa wanaijua hesabu hii, nao huongeza bei mapema ili kujikinga. Kwa hivyo chuo kinachokawia kulipa huishia kununua ghali, na wauzaji wadogo huondoka mmoja mmoja. Ushindani ambao Katiba inautaka hufa polepole bila mtu yeyote kuvunja utaratibu wa zabuni.

Sheria ya 2015 inatamka kwamba taasisi ya umma italipa riba kwa fedha ilizochelewesha, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Wauzaji wengi hawaidai riba hiyo, wengine kwa kutojua na wengine kwa kuhofia kunyimwa kazi siku nyingine. Mwaka wa 2020 mswada wa kuzilazimisha taasisi za umma kulipa haraka uliwasilishwa katika Seneti, kwani tatizo hili si la vyuo pekee.

Mwaka wa 2025, Wizara ya Fedha ilizielekeza taasisi za umma kuhamishia ununuzi wote kwenye mfumo wa kielektroniki, hatua iliyopingwa mahakamani mwaka huo huo. Mfumo kama huo unaweza kuonyesha nani ameshinda na kwa bei gani. Hauwezi kutia fedha katika akaunti isiyo na kitu.

Mwanafunzi kibarua

Tukigeukia ajira ya wanafunzi, tatizo ni kinyume. Ununuzi una sheria nyingi. Mwanafunzi anayefanya kazi katika chuo chake hana hata sura moja inayomtaja katika Sheria ya Ajira ya 2007. Kila chuo hujitungia utaratibu wake.

Mpango huu ulipata uzito kuanzia miaka ya 1990, baada ya serikali kuondoa posho za wanafunzi na kuanzisha uchangiaji wa gharama. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) iliundwa mwaka wa 1995, lakini mkopo haukutosha kila hitaji.

Thamani ya kazi hizi si ndogo. Mwanafunzi akilipwa, tuseme, Sh100 kwa saa, akafanya saa 15 kwa wiki kwa majuma 12, atapata Sh18,000. Katika utaratibu wa zamani wa ufadhili, karo ya masomo kwa aliyefadhiliwa na serikali ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka. Kwa mtoto wa mchuma majani chai wa Kebirigo, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya mtihani na kurudi nyumbani.

Ugumu unatokana na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha katika miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa ilani kabla ya kuachishwa.

Kifungu hicho kilitungwa kuwalinda vibarua dhidi ya waajiri waliowaweka miaka mingi bila haki. Lakini kwa mwanafunzi kinaweza kuleta madhara: mwajiri mwangalifu anayehofia madai huona ni heri amwachishe kabla ya mwezi kwisha, au asimwite mwajiriwa kabisa. Asipoitwa mwajiriwa, hana mkataba, hana hati ya malipo, na akiungua jikoni hajulikani ni nani atakayemtibu.

Suluhisho limo katika sheria iyo hiyo. Inaruhusu mkataba wa muda maalumu. Mkataba ulioandikwa, wa muhula mmoja, unaotaja saa za kazi, kiwango cha malipo na siku ya kulipa, humwondoa mwanafunzi katika kundi la vibarua bila kumfanya mfanyakazi wa kudumu. Humweka pia chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007.

Kiwango cha malipo nacho kina mipaka. Maagizo ya mishahara ya kima cha chini, yaliyoongezwa kwa asilimia sita kuanzia Novemba 1, 2024, hutofautiana kulingana na eneo. Miji mikubwa kama Nairobi ina kiwango chake, na miji iliyokuwa na mabaraza ya manispaa ina chake. Chuo hakina sababu ya kumlipa mwanafunzi chini ya kile ambacho kingemlipa mkazi mwingine kwa kazi ile ile.

Sheria mbili zinapogongana

Kuna mahali ambapo sheria hizi mbili hukutana kwa njia isiyotarajiwa. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 18 hadi 35 ni kijana kwa mujibu wa mpango wa AGPO. Anaweza kusajili biashara ya kuchapisha fulana au kutengeneza kompyuta na kuwania zabuni.

Lakini sheria ya ununuzi inaikataza taasisi ya umma kununua kutoka kwa mwajiriwa wake. Je, mwanafunzi aliyepewa mkataba wa kufagia maktaba kwa muhula mmoja amejifungia mlango wa zabuni? Kanuni ya chuo inapaswa kulijibu hili waziwazi, mwanafunzi achague njia moja akijua anachokiacha. Kulinyamazia ni kualika kesi, au kualika ujanja wa kusajili biashara kwa jina la ndugu.

Nini kirekebishwe?

Kubadilisha sheria zenyewe ni kazi ya Bunge, na kanuni ni za mawaziri wanaohusika. Hiyo ni safari ndefu. Lakini kila chuo kina baraza lake, lenye mamlaka ya kuweka sera chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Baraza linaweza kuanza kesho bila kungoja Nairobi.

La kwanza, na ndilo kiini cha yote, ni kuagiza kulingana na fedha zilizofika. Sheria inataka fedha ziwe zimetengwa katika bajeti, na katika makaratasi huwa zimetengwa. Ila bajeti hiyo hujengwa juu ya ahadi ya serikali ambayo imekuwa ikitimizwa nusu nusu. Agizo linalotolewa kwa fedha za ahadi ni deni linalosubiri tarehe.

La pili ni kutaja idadi ya siku za malipo katika kila mkataba, na kubandika hadharani orodha ya wanaodai, aliyetangulia kudai akitangulia kulipwa. Tayari agizo la rais la mwaka wa 2018 lilizitaka taasisi za umma kuchapisha kandarasi zilizotolewa. Kuchapisha madeni ni hatua inayofuata.

La tatu, mpango wa ununuzi utangazwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha mwezi Julai, katika ofisi za machifu na sokoni, wala si katika mtandao pekee. Mafundi wa Nyamira wakijua Julai kwamba viti vitatakiwa Januari, watapata muda wa kujiunga na kutafuta mbao.

La nne, ajira ya wanafunzi iwe na mkataba wa muhula, vigezo vya uteuzi vinavyojulikana na malipo ya kila mwezi. Mwanafunzi aulizwe kama anataka fedha ziingie kwenye karo au mkononi. Na kazi hizo zisitumiwe kuwaondoa wafagiaji na wapishi wenye familia.

Ufanye nini ukikwama?

Aliyeshiriki zabuni na kuona hakutendewa haki ana siku 14 tangu kuarifiwa matokeo kuwasilisha malalamiko mbele ya bodi ya taifa ya kukagua zabuni, ambayo hutakiwa kuamua katika siku 21. Bodi hiyo husikiliza ukiukaji wa utaratibu wa zabuni, wala haikusanyi madeni.

Anayedai malipo yasiyozidi Sh1 milioni anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka wa 2021, ambako kesi hutakiwa kukamilika katika siku 60. Kabla ya hapo, aandike barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, akiuliza deni lake limefika wapi. Taasisi hutakiwa kujibu katika siku 21.

Mwanafunzi naye aombe mkataba kwa maandishi kabla ya kushika ufagio, na aweke kumbukumbu ya saa zake katika daftari, kila siku, zikiwa na saini ya msimamizi. Malipo yakikawia, daftari hilo ndilo litakalomsemea kwa ofisa wa leba.